Tulivyomkumbuka Beda Huko Kate

Wageni wakiliona jina la Kate kwenye ramani hudhani ni jina la mwanamke wa Kizungu. Sivyo. Kate ni yetu, iko katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa. Ukitoka mjini Sumbawanga unashika njia ya kaskazini, ile ya lami iendayo Mpanda, kisha unaiacha lami na kuingia barabara ya vumbi. Mwezi Mei mvua zimekwisha na vumbi bado halijawa kali. Ni wakati mzuri wa kwenda, ila mchukue masweta. Uwanda huu uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku haimheshimu mgeni wala mwenyeji. Upande wa magharibi nchi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa, huko kwenye ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Katikati ni nyasi, upepo na mbingu kubwa.

Tulikuwa akina mama wanne ndani ya gari la kukodi, pamoja na mikungu miwili ya ndizi, sukari, sabuni, na daftari tatu kuukuu zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Sote tulizaliwa katikati ya miaka ya 1950, na sote tuliimba kwaya moja tulipokuwa wasichana. Ndoa ndizo zilizotutawanya: wawili Sumbawanga, mmoja Namanyere, mmoja Mpanda. Wa tano alibaki Kate, akaolewa hapohapo. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamwendea.

Mwezi wa Oktoba uliotangulia mwenzetu huyo alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakamkatika. Anaelewa kila anachoambiwa, akiulizwa huitikia kwa kichwa, lakini akitaka kusema hutoka sauti moja tu isiyo na maana, naye hulia kwa uchungu. Ndugu wengine walianza kunong'ona kwamba amerogwa. Ninyi mnajua jinsi jina la Sumbawanga linavyosemwa nchini, kwamba maana yake ni “tupa uchawi”. Kwa bahati mbaya wengi wamelishika jina na kuusahau ule wito wa kutupa. Mkwewe, mke wa kijana wake mkubwa, alikataa katakata kumpeleka kwa mganga. Akatuandikia ujumbe kwa simu: “Mama zangu, njooni mumwone. Amekaa kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba.”

Tuliichagua tarehe 25 Mei. Ni Siku ya Afrika, kwa kuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa siku hiyo mwaka 1963, na ni siku ambayo Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Beda Mheshimiwa. Wanaume waitwao Beda si wachache huku kwetu, na mume wa mwenzetu, aliyekwisha kufariki, alikuwa mmoja wao. Kila mwaka siku ya somo yake nyumba ile ilikuwa ikipika na kuita watu. Mjane alikuwa ameendeleza desturi hiyo hata baada ya mazishi. Mwaka huu nani angeita watu, naye hasemi?

Beda huyo alikuwa nani? Tuliulizana njiani, tukaona aibu kidogo, maana tumekula pilau ya sikukuu yake miaka mingi bila kuuliza. Yule wa Mpanda, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyetusimulia.

Beda alikuwa Mwingereza, alizaliwa karibu na mwaka 673 kaskazini mwa Uingereza. Alipokuwa na miaka saba ndugu zake walimkabidhi kwenye monasteri ya Wearmouth ili alelewe na kusomeshwa. Fikirini, mtoto wa miaka saba! Baadaye akahamia monasteri pacha ya Jarrow, na huko akaishi maisha yake yote, akisoma, akifundisha na kuandika. Mwaka 731 alimaliza kitabu chake kikubwa cha historia ya Kanisa kwa taifa la Waingereza. Kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo hakukuanza naye, lakini vitabu vyake ndivyo vilivyosaidia sana hesabu hiyo kuenea. Papa Leo wa Kumi na Tatu alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1899.

Lakini lililotugusa sisi ni habari za nyimbo. Monasteri ile ilijali mno uimbaji. Abate wake wa kwanza alimleta mwalimu wa kuimba kutoka Roma, akawafundisha watawa nyimbo za mwaka mzima. Halafu, mnamo mwaka 686, likaja tauni. Huko Jarrow wote waliojua kusoma na kuitikia zaburi walikufa, wakabaki wawili tu, Abate Ceolfrith na mvulana mdogo. Kwa huzuni abate akaamua zaburi zisomwe bila viitikio vyake, isipokuwa masifu ya asubuhi na ya jioni. Walijaribu hivyo juma moja. Abate hakuweza kuvumilia, alikuwa akilia. Wakarudisha vyote, wakawa wanaimba mtu mzima mmoja na mtoto mmoja, kwa taabu, mpaka wengine walipofundishwa. Wataalamu wengi wanaamini mtoto huyo alikuwa Beda mwenyewe.

Ndani ya gari pakawa kimya. Mmoja wetu akafungua mfuko wa nailoni, akazitazama zile daftari.

Tuwaeleze habari ya daftari hizo. Utoto wetu ulikuwa wa nyimbo za Kilatini. Misheni za Ufipa zilianzishwa na Mapadri Weupe, na mama zetu, ambao wengine hawakujua kuandika majina yao, waliimba Misa nzima ya Kilatini kwa kichwa bila kukosea. Maana yake waliijua kwa jumla tu. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati juu ya liturujia, na miaka michache baadaye Kiswahili kikaingia altareni. Kumbe wengine walikuwa wamejiandaa mapema. Padri Stephan Mbunga wa Peramiho alikuwa amekwisha kutunga Misa Baba Yetu kwa mahadhi ya Kiafrika, na mwaka huohuo wa 1963 kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu kilitoka. Ng'ambo ya pili ya ziwa, huko Kamina nchini Kongo, Missa Luba ilikuwa imeimbwa tangu 1958. Kwetu Jimbo la Karema, ambalo mwaka 1969 lilipewa jina la Sumbawanga, lilikuwa chini ya Askofu Charles Msakila, aliyeliongoza tangu 1958 hadi 1994. Sisi tukawa wasichana katika miaka hiyo ya mwanzo, ambapo kila mwalimu wa kwaya alijiona mtunzi.

Wa kwetu alikuwa mtunzi kweli. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mkali, mwenye fimbo fupi ya kuongozea ambayo pia ilijua vidole vyetu. Aliandika noti zake kwa herufi, do re mi, ubaoni, nasi tukanakili, kila sauti kwenye daftari lake. Alitunga nyimbo nyingi kwa ajili ya sikukuu, na hakuna hata mmoja uliopigwa chapa. Waliokuja baada yake walichukua vitabu vilivyochapwa, kisha kanda, kisha vinanda vya umeme. Hatuwasemi vibaya vijana. Wanaimba vizuri, ingawa vipaza sauti vyao vinaweza kumwamsha Lazaro. Ila nyimbo za mwalimu wetu zilibaki ndani ya daftari tatu: sauti ya kwanza, ya tatu na ya nne. Daftari la sauti ya pili lililiwa na panya miaka mingi iliyopita. Na sauti ya pili, kwa wimbo ule wa Kupaa Bwana tulioupenda kuliko zote, alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyeijua. Ndiye huyo aliyepoteza maneno.

Tusijifanye pia kwamba tuliimba za kanisani tu. Jioni tulisikiliza Radio Tanzania, na sauti ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz tuliijua kuliko katekisimu. Yeye alifariki 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya, na mmoja wetu, akiwa tayari mama wa watoto wawili, alilia siku nzima mpaka mumewe akauliza alikuwa ndugu yake wa upande gani.

Tulifika Kate saa nne asubuhi. Mashamba ya njiani yalikuwa yamevaa rangi ya kahawia, mahindi yamekauka kwenye mabua, na wanawake walikuwa wakikata ulezi kwa visu vidogo, shuke moja moja. Tuliwaona vijana wakinyoosha simu juu kutafuta mtandao. Pembeni yao yalikuwapo matuta ya duara ya ntumba, ambayo bibi zetu walifukia nyasi ndani yake zioze na kuwa mbolea, kabla ya mtu yeyote kutuletea neno la kilimo cha mboji. Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri pia. Tanuri zao ndefu za udongo, malungu, nyingine zenye urefu wa kumzidi mtu mzima, bado zimesimama huku na huko uwandani. Watoto hupita karibu nazo wakichunga bila kuzijali.

Baada ya Misa tulikwenda nyumbani kwa mwenzetu. Alikuwa ameketishwa uani juani, amevaa kitenge cha WAWATA, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto. Tulimsalimia mmoja mmoja. Alitutambua wote. Akafungua kinywa kutujibu, ikatoka ile sauti moja, akaugeuza uso ukutani.

Hatukujua la kufanya. Mkwewe alileta chai, sisi tukasema maneno ya hovyo juu ya bei ya mbolea. Ndipo yule wa Mpanda akasema, “Mwalimu angetuona tumekaa kimya siku ya sikukuu, angetuchapa.” Akatoa daftari la sauti ya kwanza, akatupa noti, tukaanza ule wimbo wa Kupaa Bwana. Tuliuanza juu mno, kwa koo za wasichana ambao hawapo tena. Tukasimama, tukacheka, tukashusha.

Safari ya pili, kwenye mstari wa tatu, mahali ambapo sauti ya pili huingia peke yake, sote tulinyamaza, maana ndivyo wimbo ulivyo. Palikuwa na shimo pale. Nayo sauti ikatoka ukutani. Ilikuwa nyembamba na ya kukwaruza, lakini ilikuwa mahali pake, pamoja na maneno yake. Maneno kamili, wasomaji wapendwa, si ile sauti isiyo na maana. Aliimba mstari wote, akageuka, akatutazama kama mtu aliyeona mwizi. Mkwewe aliiangusha birika.

Wenye haraka walianza kupiga vigelegele na kusema muujiza. Sisi tungependa kusema kwa uangalifu zaidi. Kijana mmoja wa familia, aliyesomea uuguzi, alitueleza kwamba jambo hili linajulikana. Kwa watu wengi usemi hutegemea sana upande wa kushoto wa ubongo, na kiharusi kikiupiga upande huo mtu huweza kupoteza maneno huku akielewa yote. Lakini kuimba, na hasa nyimbo zilizokaririwa tangu zamani, hutumia sehemu nyingine pia, zikiwamo za upande wa kulia. Huko Sweden tukio la namna hii liliandikwa tangu karne ya 18, la mtu aliyeshindwa kusema lakini akaweza kuimba tenzi kanisani. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, waliandika juu ya njia ya kuwafundisha wagonjwa kama hao kusema maneno mafupi kwa kuyaimba taratibu huku wakigongagonga kwa mkono wa kushoto. Haimsaidii kila mtu, wala haiondoi ugonjwa. Tulipomaliza kuimba tulimwuliza mwenzetu jina lake, akashindwa kulitaja.

Kijana huyo alituomba pia tuliandike hili. Uso ukienda upande, mkono ukilegea ghafla, au mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali saa ileile, bila kusubiri kulale kuche na bila kupitia kwa mganga. Na shinikizo la damu lipimwe hata kama hujisikii mgonjwa. Mwenzetu hakuwa amepimwa miaka mitatu.

Tulikula. Pilau ilipikwa kama kawaida ya siku ya Beda, na mkwe huyo ndiye aliyeita watu. Baada ya chakula, yule mwalimu wetu wa Mpanda akatusimulia habari nyingine kutoka kitabu cha Beda, nayo ilikuwa ya mchunga ng'ombe aitwaye Caedmon. Huyo alikuwa kibarua kwenye monasteri ya Whitby, iliyoongozwa na mwanamke, Abesi Hilda, ambaye watawa wanaume kwa wanawake walimtii, na wafalme walimjia kwa ushauri. Kwenye karamu kinubi kilikuwa kikizungushwa, kila mtu aimbe kwa zamu. Caedmon hakujua kuimba. Akiona kinubi kinakaribia, alikuwa akiondoka. Usiku mmoja aliondoka hivyo, akaenda kulala zizini, maana zamu ya ng'ombe ilikuwa yake. Katika ndoto mtu alimwita kwa jina, akamwamuru aimbe juu ya uumbaji, naye akaimba. Asubuhi akapelekwa kwa Abesi Hilda, ambaye hakumfukuza kwa kuwa ni mchunga ng'ombe. Aliwaagiza wasomi wamsomee habari za Maandiko, naye akazigeuza kuwa nyimbo katika lugha ya kwao. Beda anasema alikuwa akiyatafakari aliyosikia kama mnyama acheuaye.

Wazee wa Kate walipenda hapo. Mzee mmoja aliyechunga tangu utoto alisema aliyeandika hivyo amewahi kumtazama ng'ombe jioni.

Sisi akina mama tulipenda zaidi kifo cha Beda mwenyewe, kilichoandikwa na mwanafunzi wake Cuthbert. Mei 735 Beda alikuwa anapumua kwa shida, miguu imevimba. Hata hivyo aliendelea kufundisha, kuimba zaburi, na kutafsiri Injili ya Yohane kwa lugha ya wenyeji, ili wasiojua Kilatini nao waipate. Siku ya mwisho aliomba kijisanduku chake. Ndani yake mlikuwa na pilipili, vitambaa na ubani, ndiyo mali yake yote, akawagawia mapadri wenzake. Kijana aliyekuwa akimwandikia akamkumbusha kwamba imebaki sentensi moja. Akaisema, ikaandikwa. Kisha akaomba akalishwe sakafuni mwa chumba chake, akitazama mahali alipozoea kusali, na jioni ile ya mkesha wa Kupaa Bwana akafa akiimba utukufu wa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Mwenzetu alikuwa akisikiliza. Alinyosha mkono wa kushoto, akagonga meza mara mbili, kama mwalimu alivyokuwa akigonga kabla ya wimbo.

Basi tukaanza kazi. Mjukuu wake, binti wa miaka kumi na miwili, alileta daftari la hesabu lenye kurasa tupu nyuma. Tuliuimba wimbo mstari kwa mstari; kila tulipofika penye sauti ya pili tulinyamaza, yeye akaimba, na yule wa Mpanda akaandika noti. Haikuwa rahisi. Pengine alikatika katikati, ikabidi tuanze tena mbali ili apate kasi, kama gari bovu linalosukumwa mteremkoni. Mahali pawili aliimba tofauti na tulivyokumbuka sisi. Tulibishana. Yeye akatikisa kichwa kwa hasira, akarudia vilevile, na tulipojaribu sauti zote pamoja tukagundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alituangalia kwa dharau tuliyoijua tangu mwaka 1970.

Mjukuu, ambaye kumbe ana akili kuliko sisi, alimwendea bibi yake na kikombe, akaimba swali la maji kwa mahadhi ya mstari wa kwanza. Bibi akaanza kuitikia, neno la kwanza likatoka nusu. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni ameshika ufagio. Hakusema kitu, akaingia ndani, tukamsikia akipenga kamasi.

Mstari wa mwisho uliandikwa saa kumi na mbili kasoro, jua likishuka upande wa ziwa na upepo ukianza. Dereva wetu alikuwa ameshachoka kupiga honi, amelala garini. Tulilala Kate usiku ule, wanne kwenye vitanda viwili, kwa blanketi za kuazima.